Aya ya Tisa

Jumatatu ilikuwa siku ya unga. Kabla jua halijapanda juu ya mikorosho, watu arobaini na mmoja wa kijiji cha Mnyambachi walikuwa wamekwisha kupanga foleni mbele ya Kituo cha Nyuzi, kila mmoja na kikombe chake mkononi, na wote walikuwa wamesimama kwa miguu yao. Mgeni asingeona ajabu katika foleni ya watu waliosimama. Lakini Asumini Nantipi alikuwa ametambaa kwa makalio miaka kumi na saba, na jambo lile hakuwahi kulizoea. Kila Jumatatu alivitazama visigino vilivyokanyaga vumbi, kimoja baada ya kingine, kama mama atazamaye wanawe kabla ya kufunga mlango.

Ukame ulikuwa umepita kijijini mara tatu, na kila ulipopita uliondoka na miguu ya watu. Njaa ilipobana, mihogo michungu iliyopaswa kulowekwa siku tatu ililowekwa siku moja, ikaanikwa, ikatwangwa, ikaliwa. Sumu iliyosalia ndani yake haikuua. Ilikata tu njia ya amri kati ya kichwa na miguu. Mtu alilala mzima, akaamka magoti yamekaza kama mpini wa jembe.

"Mwalimu Mdogo, sogea, nyuma yako kuna watu wenye haraka," alisema Mzee Chimbango. Jina hilo mzee ndiye aliyempachika, siku Asumini alipokuwa wa kwanza katika darasa la watu wazima kusoma ukurasa mzima bila kusaidiwa.

"Haraka ya kwenda wapi, mzee?"

"Kuchonga. Jando la mwakani nitacheza juu ya miguu ya miti, urefu wa mlango na nusu. Ninyi wanawake mtaniangalia kwa kuinua shingo."

"Ukidondoka tutakuangalia kwa kuinamisha."

Foleni ilicheka. Somoe alicheka pia, akitingisha mgongo aliombebea binti yake Tausi, mtoto wa miaka minne, aliyefungwa kwa kanga iliyofifia rangi. Mama na mtoto walipatwa na ugonjwa katika ukame mmoja, na walichomwa sindano siku moja.

Ndipo foleni iliposogea, na Asumini akaona.

Somoe aliinua mguu wa kulia, na mguu wa kulia wa Tausi, uliokuwa ukining'inia ubavuni mwa mama yake, ukainuka. Somoe aliukanyaga chini, wa mtoto ukashuka. Wa kushoto, vilevile. Na mtoto alikuwa amelala usingizi mzito, mate yakimtiririka begani mwa mama.

"Tazameni, anatembea ndotoni!" alisema mwanamke mmoja, na watu wakacheka tena.

Asumini hakucheka. Aliendelea kuitazama ile miguu minne.

Daktari Mwaluko, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa akipima unga kwa kijiko. Kijiko kilisimama hewani.

"Mama Tausi," alisema taratibu, "hebu mteremshe mtoto."

"Amelala, daktari. Akiamka saa hizi atalia mpaka mchana."

"Mteremshe, tafadhali."

Somoe aliilegeza kanga. Ngozi ya kifua cha mtoto ilibanduka kutoka ngozi ya mgongo wa mama kwa sauti ndogo, kama karatasi iliyogundishwa kwa uji. Tausi alipofika chini hakusimama wala hakukaa. Alimwagika. Alifumbua macho, akatazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akapiga ukelele. Na mama yake, aliyekuwa hatua mbili kutoka pale, akaanguka kifudifudi, kikombe kikabiringika hadi miguuni pa Mzee Chimbango.

Hakuna aliyekiokota.

*

Katika chumba cha ndani cha Kituo kulikuwa na meza, mizani, na chombo chenye mshale wa kupimia umeme. Daktari alibandika waya mmoja kwenye kidole cha Somoe na mwingine kwenye kidole cha mguu wa Tausi, kisha akamrudisha mtoto mgongoni. Mshale uliruka. Alimwondoa, mshale ukalala. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho, kama aliyetumaini chombo kimeharibika.

Alimpeleka Somoe na mtoto kwenye kitanda cha upande wa pili, akafunga mlango, akabaki na Asumini. Tangu mwanzo, Asumini ndiye aliyekuwa daraja kati ya Kituo na kijiji.

"Unakumbuka nilivyowaonyesha ile glasi?" aliuliza daktari.

Asumini alikumbuka. Nani angesahau? Ilikuwa siku ya kwanza, uwanjani. Daktari aliinua glasi ya maji yaliyokuwa maangavu kama ya kisimani. Akasema ndani yake mna peptidi, yaani vipande vifupi mno vya protini, ile iliyomo ndani ya maharage na ndani ya nyama ya mtu, na kwamba vimetawanyika humo kama watu sokoni, kila mmoja na safari yake. Akadondosha chumvi kidogo. Hakukoroga wala hakupasha moto. Wakati watu wakipiga miayo, maji yaligeuka uteute mzito, na daktari alipoipindua glasi halikumwagika hata tone. Chumvi, alisema, imeviita vipande vile, na vyenyewe vimejipanga, ubavu kwa ubavu, vikawa nyuzi nyembamba mara maelfu kuliko unywele. Hakuna aliyezisokota. Akachomeka waya huku na huku, na taa ndogo ikawaka upande wa pili wa ule uteute. Umeme ulikuwa umepita.

"Mwilini mwenu mna chumvi tayari," alikuwa amesema. "Tukiweka vipande hivi mgongoni kwa sindano, vitajipanga pale njia ilipokatika, na amri ya kichwa itapita juu yake kama umeme juu ya waya. Kila Jumatatu mtakunywa unga wa kuzilisha nyuzi. Mkiacha kunywa, baada ya wiki tano hivi zitaachana na kuyeyuka."

Sasa daktari aliketi juu ya ukingo wa meza.

"Nyuzi hazijui mwisho wa mtu ni wapi," alisema. "Zinafuata chumvi tu. Nyingine hufika mpaka kwenye ngozi, na jasho ni maji ya chumvi. Mama huyu amembeba mtoto mgongoni kwa muda gani?"

"Msimu mzima wa korosho. Miezi miwili. Shamba lao liko mbali, na mtoto huchoka. Angemwacha na nani?"

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, daktari. Ndivyo tunavyobeba."

"Basi nyuzi za mama na za mtoto zimejipanga kama za mwili mmoja. Miguu ya Tausi haisikilizi tena kichwa cha Tausi. Inasubiri amri kutoka mgongoni mwa mama yake. Na nusu ya amri za mama zinakwenda kwa mtoto." Daktari alipitisha viganja usoni. "Nisichokielewa ni kwa nini. Ilikuwemo ndani ya fomu. Aya ya tisa, maneno yote. Akatia kidole gumba."



*

Fomu ile ilikuwa na kurasa nne. Kituo kilileta kijana wa mjini aje kuisoma, lakini watu walikataa. Walisema hawawezi kutia alama juu ya maneno yaliyotoka katika kinywa wasichokijua, na hali wana msomaji wao wenyewe, aliyefundishwa hapahapa chini ya bati lao, kwa chaki yao. Wakamnyanyua Asumini na kigoda chake wakamweka mbele. Alikuwa bado hawezi kusimama. Alisoma akiwa ameketi, kidole kikitembea chini ya mistari, na kila aya ilipokwisha watu waliitikia "Ehee!" kama wanaosikiliza hadithi. Wanawe walikuwa wakimtazama. Mumewe, aliyezoea kumwambia kwamba kalamu haimpikii mtu ugali, alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, na usoni alikuwa na kitu kilichokaribia heshima.

Akafika aya ya tisa.

Alilisoma neno la kwanza. La pili likawa refu kama msafara wa siafu njiani, na kila aliposhika kichwa chake, mkia ulimponyoka. Alirudi mwanzo. Jua lilikuwa kali, na jasho lilidondoka juu ya karatasi.

"Vipi, Mwalimu Mdogo?" Mzee Chimbango alipaaza sauti kutoka kivulini. "Karatasi imekupalia kooni?"

Watu walicheka. Halikuwa cheko baya. Lakini Asumini alimwona mumewe akianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, tabasamu alilolijua vizuri, na kitu ndani yake kikajifunga kama ngumi.

"Hapa wanarudia yaleyale ya juu," alisema kwa sauti imara. "Kwamba tusizidishe kipimo cha unga." Akageuza ukurasa.

"Ehee!" wakaitikia.

Usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu kuliko wote aliowahi kulala.

*

"Alhamisi anakuja Mkaguzi wa Baraza la Tafiti," daktari aliendelea, asijue kwamba Asumini alikuwa ametoka chumbani kwa mawazo na kurudi pasipo kuinuka kitini. "Lazima niripoti. Kanuni iko wazi: mshiriki aliyevunja sharti akijua anaondolewa. Hapewi unga tena."

"Na mtoto?"

"Mtoto yumo chini ya alama ya mama."

"Wakiondolewa, itakuwaje?"

"Mama atarudi kwenye magongo. Mtoto..." Daktari alitazama mlango. "Zile nyuzi zikikatika ghafla, miguu yake haitakuwa na wa kumsikiliza. Kumtenganisha kunawezekana, lakini ni kazi ya miezi sita wodini, wakipunguziwa unga kidogo kidogo, wakitenganishwa dakika tano leo, dakika kumi kesho. Hiyo hupewa mtu aliyeumizwa na tiba, siyo aliyevunja sharti. Kwa kanuni, Tausi hatatembea tena maishani mwake."

Asumini akauliza, akilichagua kila neno kama mtu anayepita juu ya mawe ya mto:

"Na ingekuwa... ile aya haikueleweka? Wakati wa kusomwa?"

Daktari alicheka bila furaha.

"Usiombe hivyo, mama yangu. Kama aya moja haikusomwa, fomu zote arobaini na moja ni karatasi za kufungia karanga. Ridhaa hakuna. Sheria ingenilazimisha kufunga unga siku ileile, kwa kila mtu, mpaka waridhie upya, na Baraza halifanyi kitu chini ya miezi minne. Nyuzi zote zingekuwa zimeyeyuka. Na sindano ya pili, nusu ya watu mwili huikataa." Akasimama. "Lakini wewe ulisoma vizuri. Kila mtu ananiambia hivyo."

Asumini alirudi nyumbani kwa miguu, akipita njia ndefu ili azidi kutembea. Uani aliikuta kamba ya kuanikia nguo, ile aliyoifunga mwenyewe juu kabisa, juu kuliko ilivyohitajika. Alianika nguo zilezile mara mbili. Alisimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mikono mpaka mbavu zikavutika, akalia huku ameshika vibanio.

Siku ya pili alimpelekea Somoe uji. Alimkuta amelala ubavu, na Tausi amebandikwa mgongoni kwa kanga, maana mtoto alipoondolewa alikuwa akipiga kelele za hofu. Somoe hakuwa akilia. Alikuwa anafikiri, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Dada Asumini, nimeyarudia moyoni yote uliyosoma. Aya ya unga, ya pombe, ya wajawazito, ya kujitoa ukitaka. Mimi sijui kusoma, lakini sikio langu halipotezi kitu, wewe unanijua. Hilo la jasho alilonieleza daktari silioni." Alimgeukia kadiri mzigo ulivyomruhusu. "Ulilisoma, siyo?"

Tausi alikuwa amekishika kibanio cha nguo alichopewa, anakifungua na kukifunga. Kila alipokifunga, kidole cha mama yake kilicheza.

"Kulikuwa na jua kali siku ile," alisema Asumini.

Somoe alitikisa kichwa polepole.

"Basi nililala. Labda nililala kidogo. Ee Mungu wangu, nililala wakati wanasema habari za mwanangu."

Asumini alitoka na bakuli la uji likiwa bado limejaa.

*

Alhamisi, uwanja wa Kituo ulijaa. Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye miwani aliyoisafisha mara kwa mara kwa ncha ya tai. Hakuwa na ubaya wowote, na Asumini, aliyekuwa ametamani kumchukia, hakupata pa kushika.

"Bi Somoe," Mkaguzi alisema, "ulisomewa fomu hii kabla ya kutia alama?"

"Nilisomewa."

"Yote?"

Mzee Chimbango alikuwa ameegemea ule mguu wa mti aliouchonga, mrefu, mweupe, ukinuka mbao mbichi. Somoe alikuwa ameketi juu ya mkeka, mtoto mgongoni. Alitazama kundi la watu, na macho yake yalipomfikia Asumini hayakumshtaki. Yalikuwa yanaomba radhi.

"Yote," alisema Somoe. "Msomaji wetu alifanya kazi yake. Kama lilikuwemo, basi mimi ndiye sikusikia. Kosa ni langu. Mniandike mimi, ila mtoto mumwache, yeye alikuwa bado hajui lolote wakati wa kutia kidole."

Mkaguzi aliandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi.

Asumini alisimama. Alikuwa tayari amesimama, kama wote, lakini kila mtu alielewa kwamba sasa amesimama kusema.

"Naomba fomu," alisema.

Daktari alimtazama, na rangi ikamtoka usoni, kwa sababu alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa.

"Mama Asumini," alisema kwa sauti ya chini, "fikiri."

"Nimefikiri siku tatu, daktari. Naomba fomu."

Akapewa. Akaifungua ukurasa wa tatu. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku ile, na darasani alikuwa amesonga mbele. Siku hizi aliwaandikia watu barua, akasoma hata maandishi madogo ya nyuma ya chupa za dawa. Maneno yalikuwa yamelala pale, marefu, yakimngoja. Akayasoma, neno kwa neno, bila kukwama:

"Mshiriki hatagusanisha ngozi yake yenye unyevunyevu na ngozi ya mshiriki mwingine kwa muda uzidio saa moja kwa siku, kwa kuwa chumvi iliyomo katika jasho huweza kuzichochea peptidi zilizo karibu na ngozi zijipange upya baina ya miili miwili, na kuunda mfumo mmoja wa upitishaji umeme."

Hakuna aliyeitikia "Ehee".

"Hiyo ndiyo aya ya tisa," alisema. "Leo ndiyo mara yenu ya kwanza kuisikia. Siku ile ilinishinda kusoma. Niliona haya, nikasema wanarudia habari za unga. Somoe hakulala. Haikusomwa."

Mwanzoni kulikuwa na manong'ono tu, ya watu wasiojua bado walichopoteza. Kisha Mkaguzi akavua miwani, akamgeukia daktari, akauliza jambo kwa sauti ndogo, na daktari akajibu kwa kuinamisha kichwa. Alikwenda kwenye kabati la unga. Watu walisikia ufunguo ukizunguka, mara moja tu, na wakaelewa kwamba unga umefungwa kwa wote.

"Wewe mwanamke!" Mzee Chimbango hakupaaza sauti. Ingekuwa heri angepaaza. "Wewe mwanamke, umenikata miguu mara mbili. Mara ya kwanza kwa kunyamaza, na mara ya pili kwa kusema."

Mumewe Asumini alikuwa ameondoka kabla mzee hajamaliza kusema.

*

Somoe na Tausi walichukuliwa na gari la hospitali Jumamosi. Kwa kuwa sasa waliandikwa kuwa ni watu walioumizwa, walipewa wodi, na unga wao wa kupunguzwa kidogo kidogo, na muuguzi wa kuhesabu dakika. Asumini alikwenda kuwaaga. Alikuwa amejiambia njiani kwamba hatarajii shukrani, na alipofika aligundua kwamba alikuwa akizitarajia.

Somoe alimtazama kutoka kiti cha nyuma kwa muda mrefu.

"Nilikuja kwako kukuuliza," alisema. "Nikiwa nimelala palepale, mtoto mgongoni, nilikuuliza. Ukanijibu habari za jua."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ungenisomea, nisingembeba." Somoe alitazama mbele. "Twende, dereva."

Gari lilipoondoka, miguu minne ya watu wawili ilitikisika pamoja kwenye kila shimo la barabara.

Nyuzi zilikwenda kama zilivyokuja, bila sauti. Wiki ya kwanza watu walijidanganya kwamba daktari alikosea. Tangu wachomwe sindano walikuwa wamezoea jambo moja ambalo hawakuwaeleza wageni: radi ilipokuwa bado mbali, upande wa mto Ruvuma, kabla ya wingu kuonekana, miguu yao wote iliwawasha kwa wakati mmoja, na kijiji kikajua kuanua makopa, mihogo yao iliyoanikwa. Wiki ya pili mvua iliwakuta makopa yakiwa nje. Wiki ya tatu magongo yalitolewa chini ya vitanda na kufutwa vumbi. Wiki ya tano Asumini alikuwa uani, ameshika shuka lililolowa, na goti la kushoto likakataa. Alikaa chini pale pale. Kamba ilikuwa juu yake, mbali kama paa la msikiti. Wanawe walikuwa wamekwenda shambani, na mumewe alikuwa mlangoni. Aliitazama kamba, akamtazama yeye, akaingia ndani. Shuka likakaukia mapajani mwake.

Mguu wa mti wa Mzee Chimbango ulionekana umeegemezwa kwenye banda la kuku, umefanywa nguzo.

*

Fomu mpya ilikuja mwezi wa tano tangu unga ufungwe, kurasa sita. Habari njema ilikuja nayo: Tausi alikuwa amesimama dakika arobaini wodini, peke yake, mama yake akiwa chumba cha pili. Dereva aliyeileta habari aliwaambia wengine. Asumini aliisikia kwa kupitia ukuta.

Kituo kilileta tena kijana wa mjini. Watu walimkataa kama walivyomkataa mwanzo, lakini safari hii hawakumtafuta mtu wa kumweka mbele. Waliingia darasani, chini ya lile bati, wengine kwa magongo, wengine wakijikokota kwa makalio, wote thelathini na tisa. Walikuwa wakija kujifunza kusoma kila alasiri tangu siku ile ya Mkaguzi. Hawakumsemesha Asumini, lakini hawakumfukuza pia. Alikaa pembeni, karibu na mlango, na hakuna aliyeketi juu ya mkeka wake.

Waliisoma fomu wenyewe. Kila mtu alisoma mstari mmoja, akampa jirani yake. Karatasi ilikwenda polepole mno, ikashika jasho la vidole. Ilipofika kwa mwanamke aliyeketi mbele ya Asumini, ilipita juu ya kichwa cha Asumini, ikaenda kwa mtu wa nyuma.

Aya ya tisa ilimwangukia Mzee Chimbango.

Alikuwa amejua herufi kwa miezi minne tu. Aliinama juu ya karatasi mpaka pua ikaigusa. "M-shi-ri-ki," alisema. "Mshiriki. Ha-ta..." Alifuta paji la uso. "Hata-gu... hatagu-sa..." Akarudi mwanzo. Neno lilikuwa refu. Jua lilikuwa limepiga bati na chumba kimekuwa tanuri, lakini hakuna aliyejipepea. Hakuna aliyemtania. "Hata-gusa-ni..."

Asumini alilijua neno lile. Lilikuwa limemkaa ncha ya ulimi, zima, tayari, na viungo vyake vyote vilitaka kulitoa.

Alifumba mdomo.

"Hata-gusa-ni-sha," alisema Mzee Chimbango. Akapumua. Alinyanyua macho, yakampita Asumini kama yanavyopita ukuta, akauliza wenzake: "Hapo maana yake nini? Hatuendelei mpaka kila mmoja wenu aniambie."